Kumkumbuka askari wa ndege za mabomu aliyepotea vitani: mwongozo kwa anayeanza

Swali hili hunijia karibu kila mwezi, tena kwa sura ileile. Mtu anatunza wazee huku Marekani, au ameolewa katika familia ya huku, au mwanawe kapewa kazi ya shule. Ukutani kuna picha ya kijana aliyeegemeza kofia upande mmoja, mabawa ya fedha kifuani. "Huyo ni mjomba wangu," bibi anasema, "alipotea na ndege mwaka 1943." Halafu siku moja simu inaita kutoka jeshini: mifupa yake imetambuliwa. Familia inataka kumfanyia kumbukumbu ya heshima, na anayejua kompyuta mle ndani ni wewe. Uanzie wapi?

Nimechoka kujibu mmoja mmoja, basi nimeyaandika yote hapa. Mwongozo huu unahusu zaidi Wamarekani wa Vita vya Pili vya Dunia waliokuwa wakiruka na ndege za mabomu kama B-17 na B-24. Waingereza nimewapa sehemu yao huko chini. Mfano nitakaoshika nao njia ni wa Luteni Kanali Addison Baker, rubani aliyefia Romania mwaka 1943, kwa kuwa habari zake zimekwisha kutangazwa hadharani. (Na tafadhali usimwite "mwanaanga". Mwanaanga ni yule wa mwezini. Huyu ni askari wa anga, au mwanahewa kama wasemavyo Kenya.)

Kabla ya kuanza

Kusanya hivi kwanza:

- Jina lake kamili, pamoja na herufi ya jina la kati. Akina John Smith peke yao walitosha kuunda jeshi.
- Namba yake ya jeshi.
- Kikosi chake, yaani skwadroni na kundi. Kundi moja lilikuwa na skwadroni kadhaa, kwa hiyo "93" inaweza kuwa kundi au skwadroni, na hivyo ni vitu viwili tofauti.
- Tarehe na mahali alipopotea, hata kwa kukisia.
- Ruhusa ya familia. Bila hiyo, ishia kwenye daftari lako, usiweke kitu mtandaoni.

Kama huna namba wala kikosi usijali, hatua mbili za mwanzo zitakupa.

Hatua

1. Anza na kabati. Intaneti itakungoja. Omba uonyeshwe kopo la biskuti, Biblia ya zamani, bahasha zilizofungwa kwa utepe. Unachotafuta ni telegramu ya kutoa taarifa ya kupotea, barua alizoandika kutoka kambini, nishani, na picha. Geuza kila picha: majina ya wenzake mara nyingi yameandikwa nyuma kwa penseli. Piga picha pande zote mbili kwa simu, kwenye mwanga wa dirisha, bila kuwasha taa ya kamera. Usigandishe kitu kwa selotepu. Usiandike kwa kalamu ya wino nyuma ya picha, maana wino utapenya mbele.

2. Isome namba ya jeshi. Ya askari wa kawaida ina tarakimu nane. Ikianza na 1, alijiunga mwenyewe. 2, alitokea Walinzi wa Taifa. 3 au 4, aliitwa kwa sheria. Ya afisa hutanguliwa na O na kistari. Hapa ndipo wengi huanguka: ile ni herufi O, wao wanaandika sifuri, kisha wananiambia mtu wao hayupo. Jambo lingine, marubani wengi walianza kama wanafunzi wa urubani, hivyo wana namba mbili, ya kwanza ya askari wa kawaida na ya pili ya afisa. Hifadhi zote mbili. Nyaraka za Taifa za Marekani zina orodha ya bure mtandaoni ya watu wapatao milioni 9 waliojiunga na jeshi la nchi kavu wakati wa vita ile. Ilinakiliwa kutoka kadi zilizotobolewa matundu, kwa hiyo majina mengine yameharibika. Tafuta kwa namba kabla ya jina.

3. Tafuta ripoti ya ndege yake. Kuanzia 1943, ndege iliposhindwa kurudi kambini, kikosi kilijaza ripoti ya wahudumu waliopotea, kwa kifupi MACR. Zipo zaidi ya 16,000, na zinasomeka katika katalogi ya Nyaraka za Taifa. Ndani utakuta orodha ya wote waliokuwamo na kazi ya kila mmoja, mahali ndege ilipoonekana mara ya mwisho, maelezo ya mashahidi wa ndege za jirani waliohesabu miavuli iliyofunguka, na namba za injini zote nne na za kila bunduki. Usiziruke namba hizo ukadhani ni takataka za ofisini. Kipande cha injini kikichimbuliwa shambani miaka 70 baadaye, namba hiyo ndiyo inayosema ndege ilikuwa ya nani.

   Ripoti hiyo pia ina majina na anwani za mama na wake za watu wa mwaka 1943. Usizichapishe. Nyumba zile bado zina watu.

   Kosa jingine ni kudhani wale waliopiga picha mbele ya ndege ndio waliokufa ndani yake. Wahudumu walibadilishwabadilishwa. Meja John Jerstad, aliyekuwa rubani msaidizi wa Baker siku ndege yao ilipoanguka (nitaieleza hatua ya 5), alikwisha kumaliza zamu zake za kuruka na alikuwa amehamishwa kikosini. Alijitolea tu. Fuata ripoti, si picha.

4. Omba faili la marehemu. Linaitwa IDPF, na kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kuliko yote. Usilichanganye na faili la utumishi. Mafaili ya utumishi yaliungua St. Louis, Julai 1973: asilimia 80 hivi ya yale ya askari wa nchi kavu walioondoka jeshini kati ya 1912 na 1960, na askari wa anga wa wakati ule walihesabiwa humo humo. Ukijibiwa kwamba "faili liliungua", uliza tena ukitaja IDPF kwa jina. Hilo lilikuwa limewekwa kwingine.

   Ndani ya IDPF kuna chati ya meno, orodha ya vitu alivyoacha kambini, ramani za walioitafuta maiti, na barua za mama yake kwa jeshi, mwaka baada ya mwaka, zikiuliza swali moja. Kuna pia maelezo ya mwili bila kupakwa sukari. Mimi nilikosea: nilifungua faili nikaanza kusoma kwa sauti mbele ya mpwa wake wa miaka 84, nikafika kwenye ukurasa wa mifupa kabla sijajua niko wapi. Soma peke yako kwanza. Kisha muulize mzee anataka kusikia nini na nini abaki asijue.

5. Fuata njia ya mifupa. Hapa mfano wa Baker unafundisha. Tarehe 1 Agosti 1943, ndege 177 aina ya B-24 ziliruka kutoka Benghazi, Libya, kwenda kupiga visafishio vya mafuta vya Ploiești, Romania. Ziliruka chini mno. Baker aliongoza Kundi la 93. Ndege yake ilipigwa na kuwaka moto kabla ya kufika, na chini palikuwa na mashamba ambayo angeweza kutua. Hakutua, alilifikisha kundi kwenye shabaha, kisha akajaribu kuipandisha ndege ili wenzake wapate kuruka na miavuli. Ndege ikaanguka.

   Waliookotwa bila kutambuliwa walizikwa na Waromania katika makaburi ya Bolovan, Ploiești. Baada ya vita, kitengo cha makaburi cha jeshi la Marekani kiliwafukua wote. Jerstad alitambuliwa. Zaidi ya 80 walishindikana, wakahamishiwa makaburi ya Ardennes na Henri-Chapelle huko Ubelgiji, kila mmoja akiwa na herufi X na namba badala ya jina. Mwaka 2017 shirika la Wizara ya Ulinzi linalotafuta waliopotea vitani, DPAA, lilianza kuwafukua tena na kuwapeleka maabara ya Offutt, Nebraska. Baker alitambuliwa tarehe 8 Aprili 2022, akazikwa Arlington mwezi Septemba mwaka huohuo.

   Kwa hiyo mtu mmoja aliyefia Romania alikuwa na kaburi Romania, kisha kaburi lisilo na jina Ubelgiji, jina lisilo na kaburi Italia (nitalifikia), na mwisho kaburi lenye jina Virginia. Chora mstari huo kwenye karatasi kwa mtu wako, ukiandika mwaka kila kituo. Ukiona kituo kinakosekana, hapo ndipo pa kutafuta.

6. Kama bado hajatambuliwa, angalia nani wa kutoa vinasaba. Waliokwisha kupigiwa simu waruke hatua hii. Wanaobaki wasikie vizuri: aina ya vinasaba inayotumika sana kwenye mifupa ya zamani hupita kwa mama tu. Mtoto wa kumzaa marehemu hana. Watoto wa kaka yake hawana. Wenye navyo ni ndugu wa tumbo moja, watoto wa dada yake, na watoto wa mabinti wa dada yake. Sisi wenye maneno mjomba na mpwa tunaelewa haraka kuliko Wamarekani, ambao neno lao moja linabeba wote. Vinasaba vya upande wa baba navyo hutumika, na hapo ndipo kaka na wana wa kaka wanapohitajika, kwa hiyo usimfukuze mtu.

   Sampuli inachukuliwa kwa kijiti cha kupaka ndani ya shavu, na kifaa hutumwa nyumbani bure. Piga simu ofisi ya jeshi la nchi kavu inayoshughulikia waliokufa na waliopotea, si jeshi la anga. Jeshi la anga la Marekani lilijitegemea mwaka 1947 tu; hawa wa vita vile ni wa nchi kavu kwenye makaratasi. Vipimo vya kununua dukani vya kujua asili ya ukoo havikubaliwi kwa kazi hii.

7. Andika habari zake. Ukurasa mmoja unatosha. Nimeona nyingi zinazoanza hivi:

   "Shujaa wetu, simba wa anga, alijitoa mhanga kwa ajili ya uhuru wa ulimwengu mzima."

   Ondoa jina ukaweke la mtu mwingine yeyote, sentensi haitikisiki. Sasa hii:

   "Addison Baker, mzaliwa wa Chicago aliyeingia jeshini akitokea Akron, Ohio, alikuwa na miaka 36 alipoongoza Kundi la 93 kwenda Ploiești. Ndege ikiwaka, alipita juu ya mashamba ya kutulia na kuendelea."

   Hiyo ni yake peke yake. Andika alichofanya, wapi, lini, na nani alikuwa naye. Waandike wahudumu wote kwa majina, B-24 ilibeba watu 10 hivi. Na usiogope kusema mabomu, au ndege zenyewe, viliangukia nini. Siku ya Ploiești ndege mojawapo iliangukia gereza la wanawake mjini. Familia ninazozijua hazijachukizwa na ukweli huo. Zinachukizwa zaidi na cheo kilichokosewa.

8. Siku ya mazishi. Familia huchagua: makaburi ya kitaifa kama Arlington, au ya nyumbani karibu na wazazi wake, au ya kijeshi ng'ambo. Jeshi huleta bendera, hukunjwa pembetatu na kukabidhiwa ndugu. Kazi yako ni ndogo ila ina maana: tafuta ndugu wa wahudumu wengine wa ndege ileile uwaalike, hasa ambao wao bado hawajatambuliwa. Usitangaze chochote mtandaoni kabla familia haijapewa maelezo kamili ya utambuzi na jeshi halijatoa taarifa yake. Kuna binamu aliyejulia habari Facebook, na hajawasamehe hadi leo.

9. Hakikisha kiua cha shaba kimewekwa. Majina ya waliopotea yamechongwa kwenye kuta za makaburi ya kijeshi ya Marekani ng'ambo. La Baker liko makaburi ya Florence, Italia. Mengine yako Cambridge, Carthage kule Tunisia, Manila na kwingineko. Mtu akitambuliwa, jina halifutwi. Hutobolewa pembeni yake na kupachikwa kiua kidogo cha shaba, na mpita njia anajua huyu amepatikana. Tume ya Marekani ya minara ya kumbukumbu za vita, ABMC, ndiyo inayosimamia. Waandikie baada ya miezi kadhaa uombe picha.

Kama ni Mwingereza, Mkanada au wa Jumuiya ya Madola

Njia ni nyingine. Kati ya wahudumu wa ndege wapatao 125,000 wa Kamandi ya Mabomu ya Uingereza, walikufa 55,573. Anza na hifadhidata ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, kisha ile ya kituo cha Kamandi ya Mabomu kilichoko Lincoln. Wasio na kaburi wameandikwa Runnymede, karibu na London, majina zaidi ya 20,000. Mafaili ya vifo yako Nyaraka za Taifa za Uingereza, huko Kew, fungu AIR 81. Kumbukumbu za kila siku za skwadroni ni AIR 27. Mashambulizi yao mengi yalikuwa ya usiku, hivyo tarehe huandikwa kwa mkwaju, kwa mfano 29/30 Machi. Tafuta siku zote mbili.

Waingereza hawarudishi nyumbani mwili wa aliyekufa vita vile. Huzikwa nchi alikofia. Usiiahidi familia jeneza.

Na usiamini namba ya ndege kwa kusikia. Mabaki ya ndege aina ya Stirling yaliyotolewa ziwa Markermeer, Uholanzi, mwaka 2020 yalidhaniwa mwanzoni kuwa ya BK710. Ushahidi, kikiwemo kikasha cha sigara chenye herufi za kwanza za jina, ulionyesha ni BK716. Tarakimu moja tu, na hao ni watu saba wengine na familia saba nyingine.

Ukikwama

*Tarehe ya kifo ni mwaka mzima baada ya ndege kuanguka.* Hili ndilo swali namba moja. Sheria ya wakati ule iliruhusu jeshi kumtangaza aliyepotea kuwa amekufa baada ya mwaka mmoja na siku moja. Tarehe hiyo ya ofisini ndiyo iliyochongwa kwenye kuta nyingi. Katika ukurasa wako andika tarehe ya kupotea, na ile nyingine itaje kama ya kutangazwa.

*Jina la mji halionekani kwenye ramani.* Makaratasi ya Kimarekani yanaandika Ploesti, ramani ya leo Ploiești. Mipaka ya Ujerumani na Poland nayo ilihama. Tafuta kwa latitudo na longitudo zilizoko kwenye MACR.

*Ndugu wanaambiwa mifupa imechanganyika.* Hutokea ndege ikiungua. Wahudumu wasioweza kutenganishwa walizikwa kaburi moja la pamoja, wengi wao Jefferson Barracks, Missouri, mahali palipochaguliwa kwa kuwa ni katikati ya nchi na kila familia ingesafiri umbali unaokaribiana.

*Mtu anauliza: kwa nini Mswahili ahangaike na mifupa ya Mmarekani?* Swali la haki, na mimi huwa silikwepi. Kariakoo imepata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Ripoti ya CWGC yenyewe, ya mwaka 2021, ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwao hakuna MACR ya kufungua. Mimi nimejifunza kutafuta kwenye makaratasi ya hawa waliobahatika kuandikwa, na ninachojifunza nakipeleka kwa wale wa kwetu, jina moja moja, pale panapobaki hata orodha ya mishahara.

*Hakuna ndugu aliyebaki.* Huko Margraten, Uholanzi, kila kaburi la Mmarekani limeasiliwa na mtu au familia inayolipelekea maua, na Ubelgiji pia watu huasili. Nyinyi mlioko Liège, makaburi ya Ardennes yako Neupré, si mbali nanyi. Nendeni mkaulize ofisini.

*Picha ya jiwe la kaburi haisomeki.* Marumaru nyeupe, maandishi meupe, na jua la saa sita. Usisugue chaki wala unga. Waombe wahudumu wa makaburi: katika makaburi kadhaa ya Ulaya wanayo ndoo ya mchanga kutoka ufuo wa Omaha, Normandy. Wanaulowesha, wanaupaka kwa sponji juu ya herufi, wanafuta uso wa jiwe, na jina linabaki limejaa rangi ya kahawia. Piga picha hapohapo. Mvua ya kwanza itauondoa.